Ukurasa gani, Mwalimu?

Mwaka wangu wa kwanza kazini, ikifika Jumatano sauti ilikuwa imekwisha. Jumatatu naanza nayo nzima, Jumanne inakuwa na mikwaruzo, Jumatano nafundisha kama mtu aliyelala nje kwenye baridi. Nilikuwa nafundisha hisabati, watoto 54 wa miaka 13 na 14, na neno nililolitumia kuliko "jumlisha" na "toa" yakiwekwa pamoja lilikuwa "nyamazeni".

Silisemi hilo kwa kukisia. Siku moja mwalimu mwenzangu aliyekuwa hana kipindi aliomba akae nyuma ya darasa langu asahihishe madaftari yake, maana chumba cha walimu kilikuwa na kikao. Kengele ilipolia akanionyesha pembeni mwa karatasi yake vijiti alivyokuwa akivichora, vitano vitano, kama tunavyowafundisha watoto wadogo kuhesabu. Vijiti 31. Kipindi chetu kilikuwa cha dakika 40.

"Hizo ni nyamazeni zako," akasema, huku akijitahidi asicheke. "Zile za 'nimesema nyamazeni' sikuzihesabu."

Nilichoamini wakati ule ni kwamba ukali wangu haujatosha. Ndicho nilichoambiwa na kila niliyemuuliza. Ukicheka na nyani utavuna mabua, nikaambiwa, na mwingine akaniongezea kwamba meno yasionekane mpaka muhula wa pili. Basi nikaacha kucheka. Nikasimamisha watoto, nikawatoa nje, nikawabakiza baada ya masomo. Watoto waliosimama waliwachekesha waliokaa. Waliotoka nje walichungulia dirishani. Na waliobaki baada ya masomo walinibakiza na mimi, nimechoka, nikiwaangalia wanavyoandika mara 50 sentensi ambayo hata mimi nilikuwa siiamini tena.

Halafu kulikuwa na ile orodha. Kiranja aliandika majina ya wapiga kelele kila nikichelewa kuingia, na mimi nilikuwa nikiipokea kama taarifa rasmi. Wengine majina yao yaliwekewa alama ya kuzidisha na namba mbele: huyu mara 3, yule mara 5. Nikaadhibu kwa orodha hiyo karibu muhula mzima, mpaka asubuhi moja nilipokuwa naita mahudhurio nikiwa na karatasi ya jana yake mkononi, nikaona jina la mtoto ambaye jana hakuja shuleni kabisa. Alikuwa ameandikwa mara 2. Nikamwita kiranja pembeni. Akatazama viatu vyake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, huyo huwa anapiga kelele." Nilipochunguza zaidi nikagundua kwamba kwenye orodha ile kulikuwa na soko: aliyemwazima kiranja rula hakuandikwa, aliyegombana naye uwanjani aliandikwa hata akiwa amelala. Mtoto yule sikumlaumu. Nilikuwa nimempa kazi yangu aifanye, na akaifanya kwa akili ya mtoto wa miaka 13.

Orodha nikaifuta siku hiyohiyo. Ila sikuwa na cha kuweka mahali pake.

Siku nyingine siipendi kuikumbuka, lakini nisipoisema nitakuwa nimejipaka rangi. Msichana mmoja alicheka nikiwa nimegeukia ubaoni. Labda hata hakunicheka mimi. Nikamwita mbele, nikalichukua daftari lake, nikalifungua, nikawaonyesha wenzake kurasa zake zilizojaa wino mwekundu. "Huyu ndiye anayecheka," nikasema. Darasa likanyamaza, nikajipongeza. Hakulia. Alilipokea daftari, akalifunga taratibu, akarudi kukaa, na muhula uliobaki hakunyoosha mkono tena. Chuoni tulisomeshwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na kile kifungu cha 28 kinachotaka nidhamu ya shule iendane na utu wa mtoto. Nilikijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Baada ya wiki mbili nilimfuata mlangoni, peke yake, nikamwomba radhi. Nikamsimulia jambo hilo mama mmoja tuliyekuwa tukifundisha naye, aliyebakiza miaka michache kustaafu. Nilitegemea anisifu. Akaniambia, "Ulimkosea hadharani, ukamwomba radhi uchochoroni."

Mama huyu ndiye aliyenibadilisha, ingawa sidhani kama alikusudia. Darasa lake lilikuwa limepakana na langu. Watoto walewale wakitoka kwangu wakaingia kwake walikuwa kama wamebadilishwa njiani. Nilikuwa nikijiambia wanamwogopa kwa umri wake. Siku moja nikamwambia, "Mama, naomba nije nikae nyuma nikuone unavyofundisha." Akajibu, "Njoo. Ila usije kunitazama mimi. Tazama saa."

Sikumwelewa, lakini nikaenda na daftari dogo, nikatazama saa.

Alikuwa mlangoni kabla ya watoto. Ubaoni tayari kulikuwa na maswali mawili mafupi ya kazi ya jana, na kwenye kona ya juu kulia namba ya ukurasa wa leo, kubwa, imezungushiwa duara. Kila mtoto aliyepita alisalimiwa kwa jina. Waliingia, wakakaa, wakaanza kuandika, na mpaka hapo mama alikuwa hajasema neno lolote zaidi ya salamu. Nikaandika: dakika 1, wote wanafanya kazi. Kwangu mimi, kutoka mtoto wa kwanza kuingia hadi wote kuanza kazi, nilikuja kupima baadaye: dakika 11.

Alipoandika ubaoni aliandika kwa ubavu, uso nusu kwao. Watoto walisema ana macho kisogoni, kumbe hajawahi kuwapa kisogo. Alitembea. Hakukuwa na dawati ambalo hakulipita angalau mara moja, na alipomwona mtoto anaongea na jirani hakukatisha sentensi: aliendelea kueleza huku akisogea, akaweka kidole juu ya daftari la yule mtoto, pale alipoishia, akaendelea na safari yake. Sentensi yake na onyo lake vilikwenda pamoja, na watoto wa upande wa pili hawakujua kama kuna lililotokea.

Lakini kilichonifanya niache kuandika ni namna alivyotoa maelekezo. Alisimama. Kabisa. Akasubiri, kama sekunde nne hivi, mpaka macho yote yakamrudia. Akasema, kwa sauti ya chini kuliko ya kawaida: "Kalamu chini. Sikilizeni kwanza, bado hatujaanza. Mtafanya namba 1 hadi 6. Mtafanya kimya, peke yenu, dakika 10. Anayekwama aanze inayofuata, nitapita. Nani atanirudishia nilichosema?" Mtoto mmoja akarudia. "Anzeni."

Nilirudi darasani kwangu alasiri ile nikajisikiliza kwa mara ya kwanza. Nikajisikia nikisema hivi: "Haya toeni madaftari, fungueni ukurasa wa 47, tunafanya namba 1 hadi 6, na wale ambao hamjamaliza ya jana..." Pale pale kwenye neno "toeni" nilikuwa nimeshawapoteza. Mifuko ilifunguliwa, madawati yakaburuzwa, kalamu zikaanza kutafutwa na kuazimwa, na mimi bado naongea. Walipomaliza kutoa madaftari wakanyanyua vichwa wakauliza, mmoja baada ya mwingine, swali ambalo nilikuwa nikilisikia mara 10 kila siku na kuliona ni utovu wa nidhamu: "Ukurasa gani, Mwalimu?"

Na mimi: "Si nimeshasema! Nyamazeni!"

Karibu theluthi ya vile vijiti 31 vilizaliwa pale. Siyo kwa sababu watoto walikuwa wakaidi. Niliwapa kazi ya mikono nikadai masikio wakati huohuo, wakafanya ya kwanza kwa sababu ndiyo niliyoitanguliza. Nilimweleza mama hesabu hii, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari ya zamani. "Hawakusumbui," akasema. "Unawaacha hawana kazi, halafu unawagombeza kwa kujitafutia."

Miaka kadhaa baadaye, nikijisomea, nilikutana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani, Jacob Kounin, na nikacheka peke yangu. Mtu huyu alianzia mahali nilipoanzia mimi. Alikuwa akifundisha chuo kikuu, akamkemea mwanafunzi aliyekuwa akisoma gazeti katikati ya mhadhara, na akaona kwamba wengine ambao hakuwagusa nao wakajiweka sawa. Akataka kujua kemeo la namna gani lina nguvu zaidi. Yeye na wenzake wakalitafuta kwa miaka, baadaye wakirekodi madarasa kwa video, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1970 yakamwendea kinyume: namna mwalimu anavyokemea haikuwatenga walimu wenye madarasa tulivu na wale wenye madarasa ya vurugu. Walitofautiana kwa yale waliyoyafanya kabla ya vurugu. Kuona chumba kizima na watoto wakajua kwamba wanaonekana. Kushughulikia mambo mawili bila kuangusha lolote. Kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine bila kukwamakwama. Mama yangu wa jirani, kwa ninavyomjua, hakuwahi kulisikia jina hilo.

Basi nikaanza kuwinda mapengo. Nakiri niligeuka kero kidogo kwa wenzangu, kila mahali nipo na saa. Pengo kubwa kuliko yote lilikuwa kugawa madaftari. Nilikuwa nasimama mbele na rundo la madaftari 54, naita jina moja moja, mtoto anatoka nyuma kabisa, anapita katikati ya madawati, anamgonga mmoja, anamvuta mwingine, anafika, anafungua kuona alama zake hapohapo mbele yangu, anarudi kwa njia nyingine. Dakika 7. Watoto 53 hawana la kufanya wakati mmoja anatembea.

Sasa madaftari yanakusanywa kwa mstari, yanasahihishwa kwa mstari, na yanarudishwa kwa mstari. Mtoto wa mbele anachukua fungu la mstari wake na kupitisha nyuma, wakati maswali ya kuanzia yako ubaoni. Dakika 1, au na nusu kukiwa na upepo. Dakika 6 zilizookolewa kwa vipindi 5 kwa wiki ni nusu saa. Kwa wiki 36 za masomo ni saa 18, yaani vipindi 27 vya dakika 40. Nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza nilirudia mara mbili, nikidhani nimekosea kuzidisha. Mwezi na zaidi wa hisabati ulikuwa ukiishia kwenye kuita majina.

Majina yenyewe nayo. Muhula wa kwanza nilikuwa nasema "wewe wa nyuma", na wakigeuka wanageuka sita. Nikachora ramani ya madawati, nikaikariri nikiwa kitandani, na kwa siku 9 nikawa nawajua wote 54. Ni kazi ya kuchosha na sina ujanja wa kuirahisisha. Ila mtoto anayeitwa kwa jina, kwa sauti ya kawaida, huacha alichokuwa akifanya hata kabla hujamwambia aache.

Kanuni za darasa sitakawia nazo. Nilikuwa nimebandika 14. Niliwauliza watoto wanitajie bila kutazama, aliyejitahidi sana akataja nne, na mbili kati ya hizo hazikuwa kwenye karatasi. Zikabaki tatu. Ile ya "mmoja akiongea wengine husikiliza" wakanibana nayo mimi mwenyewe ndani ya wiki, maana nilikuwa na tabia ya kumkatiza mtoto anayejibu polepole.

Yule wa nyuma, sasa. Kila darasa linaye: mwembamba, mwenye maneno, anayejua kupiga mluzi bila kubana midomo. Kwenye ile orodha ya kiranja alikuwa mkazi wa kudumu. Nikashauriwa nimpe cheo, kwamba msumbufu ukimpa uongozi anatulia. Nikampa. Akawa dikteta. Kwa siku nne aliwaamrisha wenzake wasimame, wakae, wafunike vitabu, mpaka wawili wakaja kuniomba nimrudishe alivyokuwa, afadhali mluzi.

Ni ile saa iliyonisaidia. Nilimtazama kipindi kizima bila kumsemesha. Kazi niliyoipangia dakika 15 aliimaliza dakika ya 6, na yote ilikuwa sahihi. Dakika ya 7 akaanza mluzi. Huyu hakuwa akinisumbua, alikuwa amefika kituoni na basi lingine halipo. Kosa la kwanza nililofanya ni kumwongezea maswali mengine sita ya namna ileile. Alinitazama kama nimemuibia, na alikuwa na haki: nilimwadhibu kwa kuwahi. Kesho yake nikaweka nyuma ya darasa kisanduku chenye vikadi, kila kimoja swali moja ambalo halimalizwi kwa dakika mbili. Cha kwanza alichokiokota kiliuliza: kwenye ubao wa sataranji wenye miraba 8 kwa 8 kuna miraba mingapi, ukihesabu ya ukubwa wote? Akaandika 64 papo hapo, akaja. Nikamwambia asome tena. Akarudi nyuma, akatulia. Siku mbili. Siku ya tatu, kabla ya kengele ya asubuhi, alikuwa ananisubiri mlangoni na karatasi iliyochakaa kwa kufutwafutwa: 204. Alikuwa amejumlisha 64, 49, 36, 25, akishuka hadi 1, na alikuwa hajui kwamba hizo namba zina jina.

Hakugeuka malaika. Mluzi uliendelea, ila sasa ulikuwa mluzi wa mtu anayefikiri, na nilijifunza kuishi nao.

Njiani nimejaribu pia biashara ya pointi. Mstari uliotulia pointi, mstari uliowahi pointi, mwisho wa mwezi zawadi. Wiki tatu za mwanzo nilijiona mwerevu. Wiki ya nne nikawapa fumbo zuri sana la sehemu, nililolitunga kwa upendo, na mkono wa kwanza ulionyooka uliuliza: "Mwalimu, hii ina pointi?" Nikasema haina. Nusu ya darasa wakaweka kalamu chini. Kuna jaribio la mwaka 1973 la Lepper, Greene na Nisbett, Marekani, ambapo watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora waliahidiwa cheti wakichora, na baadaye, hakuna cheti, wakachora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Nilikuwa nimelifanya jaribio hilo upya bila kukusudia, kwa watoto 54. Ilinichukua karibu mwezi kuwaondoa kwenye pointi. Sisemi zawadi ni sumu. Mtoto anayechukia kazi anaweza kuhitaji sukari kidogo aanze. Nilikosea kuwalipa hata waliokuwa wakiipenda bure.

Kufikia mwaka wa tatu darasa langu lilikuwa tulivu. Wageni walisifu. Mimi nilijisifu zaidi. Na hapo ndipo nilipopata aibu kubwa kuliko ya vijiti 31.

Kulikuwa na msichana wa karibu na dirisha ambaye sikumbuki kumwambia chochote kwa muhula mzima. Nadhifu, kimya, daftari limepigiwa mistari. Nilikuwa nikisahihisha kazi za mstari wake nikaona 7 × 8 = 54 kwa jirani yake, nikaweka kosa. Nikafungua la kwake: 7 × 8 = 54. Basi, nikasema, wamesaidiana. Lakini chini yake kulikuwa na hatua iliyokatwa kwa mstari mmoja, na kwa jirani kulikuwa na hatua hiyohiyo, imekatwa vivyo hivyo, mahali hapohapo. Alikuwa amenakili hadi kosa lililofutwa. Nilirudi kurasa za nyuma, wiki baada ya wiki. Alikuwa akinakili tangu mwanzo wa muhula, na mimi nilikuwa nikimwandikia "vizuri".

Wapiga kelele wote nilikuwa nawajua uwezo wao hadi sehemu ya kumi. Huyu, kwa kuwa hakunisumbua, sikumjua kabisa. Mapengo yangu nilikuwa nimeyaziba ili wasipate nafasi ya kelele, na nikasahau kwamba yako mapengo mengine ambayo mtoto anayahitaji.

Hapo nikalikumbuka jambo nililolisoma na kulipita. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi masomo ya sayansi na kupima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu. Kwa kawaida ulikuwa sekunde moja hivi. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde 3 na zaidi, majibu ya watoto yakarefuka, wengi zaidi wakajitokeza, na kule kukaa kimya bila jibu kukapungua. Sekunde 3 ukizisoma ni kidogo. Simama mbele ya watoto 54 uzisubiri, utaona zinavyonyooka. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole vya mguu ndani ya kiatu, kimoja, kingine, kingine, ili nisifungue mdomo. Mara ya kwanza watoto walidhani nimesahau nilichotaka kusema. Mmoja aliniuliza kama naumwa.

Pia nikaacha kuwauliza "mmeelewa?" Swali hilo lina jibu moja tu duniani. Badala yake kila mtoto, dakika 3 za mwisho, anaandika jibu la swali moja kwenye kipande cha karatasi na kuniachia mlangoni akitoka. Jirani hana muda wa kukuonyesha. Karatasi ya kwanza ya msichana wa dirishani ilikuwa na jina lake tu, limeandikwa vizuri. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa na jina na sentensi moja: "Sijui pa kuanzia." Nilikaa na karatasi ile kwa muda. Tulianzia kwenye jedwali la kuzidisha, yeye na wengine wanane ambao nao walikuwa kimya, dakika 20 kabla ya masomo, na ilituchukua muhula na nusu.

Sijamaliza kujifunza na sijifanyi. Kipindi cha mwisho cha siku bado kinanishinda mara nyingi. Wamechoka, nimechoka, mwanga unaingia vibaya, na yale yote niliyoyaandika hapa yanapotea kichwani mwangu kama sijawahi kuyajua. Juzi ilikuwa hivyo. Nilitoka kikaoni nimechelewa, nikaingia naongea, nikawaambia watoe vitabu huku bado natafuta chaki, kelele zikapanda, na kabla sijajizuia nikapiga meza kwa kiganja na kulipuka. Nilisema mambo ambayo hawakustahili. Walinyamaza kwa ile namna ninayoijua, ya daftari linalofungwa taratibu.

Jana nikaingia, nikasimama mbele, nikasubiri macho yote. Nikawaambia kwamba juzi niliwapigia kelele bila haki, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba nawaomba radhi, wote, hapo hapo mbele ya wote. Palikuwa kimya. Mkono mmoja ukanyooka, mstari wa tatu.

"Ndiyo?"

"Mwalimu, juzi hukuandika ukurasa."

Nikageuka kutazama kona ya juu kulia ya ubao. Ilikuwa tupu hata jana. Nikachukua chaki.